Luigi Broglio: Jenerali aliyeitumia nguvu ya makombora kwa elimu

Arua na Koboko ziko takriban digrii tatu kaskazini mwa Ikweta. Umbali kama huo upande wa kusini, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, kuna majukwaa ya chuma ambako Mwitaliano Luigi Broglio alirushia setilaiti.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, profesa mjini Roma na jenerali wa jeshi la anga. Desemba 1964 kikosi chake kilirusha San Marco 1, setilaiti ya kwanza ya Italia, kutoka Wallops nchini Marekani.

Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa Ikweta. Huko dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hufaidika na kasi hiyo. Vipande vyake navyo huangukia Bahari ya Hindi, mbali na makazi ya watu.

Roketi yenyewe, Scout ya Marekani, ilikuwa na asili ya kivita. Sehemu yake ya kwanza ilitokana na utafiti wa kombora la nyambizi, Polaris. Ya pili ilitokana na kombora la Sergeant.

San Marco 2 iliruka kutoka Malindi tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilifuata setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo ilichunguza eksirei zitokazo angani na kusaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi.

Hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa hapo. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Baada ya Vita Baridi, makombora ya Kisovieti yaliyostaafishwa yaligeuzwa roketi ya kibiashara, Dnepr, iliyoanza kuruka mwaka 1999. Mwaka 2007 ilibeba EgyptSat-1 ya Misri.

Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022. Haikuondokea Malindi, kwa jirani, bali Wallops, kule kule alikoanzia Broglio. Ikweta inapita Uganda. Roketi bado ni za wengine.