John Boyd Dunlop: Daktari wa Wanyama Aliyetia Upepo Katika Tairi

Motokaa, iwe ya safari au ya mashindano, hushika ardhi mahali panne tu, na kila mahali hapo ni padogo, kama kiganja cha mtu. Hapo ndipo tairi linapogusa chini. Injini iwe na nguvu namna gani, na dereva awe hodari namna gani, kama tairi si zuri kazi yao ni bure. Lakini mtu aliyewafanya watu waamini faida ya tairi la upepo hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa wanyama, jina lake John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea udaktari wa wanyama mjini Edinburgh, akahitimu akiwa kijana wa miaka 19 tu. Mwaka 1867 alivuka bahari kwenda Ayalandi, na baadaye akafungua kazi yake mjini Belfast. Siku zile farasi ndio waliovuta mizigo ya mji, na daktari mwenye bidii hakukosa kazi. Dunlop akasifika sana kwa utabibu wake.

Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na matairi ya baiskeli yalikuwa ya mpira mtupu, usio na upepo ndani. Mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, nayo ilimrusharusha sana. Mwaka 1887 baba akaanza kufikiri. Alitengeneza gurudumu la ubao, akalizungushia mrija wa mpira mwembamba, akaufunika kwa kitambaa cha kitani, akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Kisha akachukua gurudumu la baiskeli lenye mpira mtupu, akayasukuma yote mawili, moja baada ya jingine, katika ua wake. La mpira mtupu lilikwenda kidogo likaanguka. La upepo likafika mwisho wa ua, likagonga mlango na kurudi nyuma.

Sababu yake ni hii. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, hulazimika kuruka pamoja na mzigo wote ulio juu yake, na kila mruko hula nguvu. Tairi la upepo hubonyea kidogo mahali pale penye jiwe, kisha hurudi katika umbo lake, na mzigo huendelea mbele bila kuruka. Basi ulaini, ambao watu walidhani ni uzito na uvivu, ndio uliokuwa mwendo.

Mwaka 1888 Dunlop alipewa hati ya haki ya uvumbuzi. Hata hivyo watu wengi walicheka walipoona matairi manene kama yale. Jibu lilitoka uwanjani. Tarehe 18 Mei, 1889, Willie Hume, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa waendeshaji walio bora kabisa, alipanda baiskeli yenye matairi ya Dunlop katika mashindano ya Queen's College, Belfast, akashinda. Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo vijana wa Harvey du Cros, mfanya biashara wa Dublin. Baba yao hakukasirika, bali alitaka tairi lile. Mwaka huohuo kampuni ikaundwa Dublin ya kuyatengeneza.

Ndipo pigo likaja. Mwaka 1890 Dunlop aliarifiwa kwamba hati yake haina nguvu. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha wazo hilohilo mwaka 1845, alipokuwa na umri wa miaka 23. Thomson alitengeneza matairi ya upepo kwa magari ya farasi, yakaenda vizuri. Lakini yalikuwa ya gharama, na baiskeli zilikuwa bado kuenea. Yakasahauliwa. Dunlop hakuwa na habari zake.

Kampuni haikufa, kwa maana ilinunua hati za mafundi wengine, hasa zile za kulifanya tairi livuliwe na kuvalishwa tena kwa urahisi. Kwani tairi la kwanza la Dunlop lilibandikwa, na kuziba tundu ilikuwa kazi kubwa. Dunlop mwenyewe alijitoa mwaka 1895. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, lakini sehemu kubwa ya mali hiyo haikumfikia yeye. Aliishi kwa utulivu mjini Dublin, akafa tarehe 23 Oktoba, 1921.

Je, tumheshimu mtu ambaye hakuwa wa kwanza? Mimi naona tumheshimu, na Thomson tumheshimu pia. Thomson alitangulia kuwaza. Dunlop alipima mbele ya macho ya watu mpaka wasiweze kubisha. Aliyaweka magurudumu mawili katika ua mmoja, akaacha ua utoe hukumu. Mafundi wa magari ya mashindano wangali wakifuata njia hiyo. Hubadili upepo wa tairi, au mwelekeo wa magurudumu, kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha hutazama saa na kulikagua tairi. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo umepungua. Likilika upande mmoja, huenda magurudumu hayakuelekezwa sawasawa. Tairi halisemi uongo.

Nasi wanafunzi tujifunze hapo. Tukiwa na wazo, tusitosheke kulisifu. Tulipime, na watu waone.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV