Albert Overhauser: Kijana aliyebishiwa na vigogo wa fizikia

Kipimo cha MRI kinasoma ishara zinazotoka kwenye viini vya atomu mwilini. Shida ni kwamba ishara hizo ni hafifu mno. Aliyeonyesha njia ya kuzikuza ni Albert Overhauser, na mwanzoni hakuaminiwa.

Alizaliwa San Diego, Marekani, Agosti 17, 1925. Vita Kuu ya Pili vilimkatiza masomo akaingia jeshi la wanamaji, kisha akarudi chuoni Berkeley na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1951.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 27 tu, alisimama mbele ya wanafizikia wenzake jijini Washington. Akasema elektroni za metali zikichochewa kwa mawimbi, zitavifanya viini vya atomu vijipange upande mmoja, na ishara itapanda sana.

Felix Bloch, Edward Purcell na Isidor Rabi, wote washindi wa Nobel, hawakukubali. Kwao, kuchochea ni sawa na kupasha moto, na joto huvuruga mpangilio badala ya kuuleta.

Ubishi ulimalizwa na jaribio. Mwaka huohuo Thomas Carver na Charles Slichter wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima metali ya lithiamu, na ishara ikapanda kweli.

Baadaye Overhauser alifanya kazi Cornell, kampuni ya magari ya Ford, na Chuo Kikuu cha Purdue. Mwaka 1994 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Alifariki Desemba 10, 2011, akiwa na miaka 86.

Leo watafiti wanatumia wazo lake kuipa nguvu pairuveti, kemikali inayotokana na sukari, kisha wanamchoma mgonjwa sindano yake ili waone saratani inavyoitumia. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume yalichapishwa mwaka 2013.

Ila nguvu hiyo huisha ndani ya dakika chache. Ni kama zamu ya maji kwenye majaruba ya Ubaruku: ukizubaa, imekupita. Ndiyo maana mbio za sasa ni kupiga picha haraka, kwa kukusanya vipimo vichache na kuiachia kompyuta ijaze vilivyobaki, kabla ishara ya Overhauser haijazimika.