Johannes Kepler, Aliyetafuta Sababu Iliyo Karibu

Katika elimu iko kanuni ya zamani, ya kwamba jambo likielezeka kwa sababu chache, tusiliongezee sababu nyingi. Kanuni hii huitwa kwa jina la William wa Ockham, mtawa wa Uingereza wa karne ya 14. Leo twasimulia habari za mtu aliyeonyesha faida yake katika nyota, na tena barazani pa hukumu, maisha ya mama yake yalipokuwa hatarini.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571, katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Udachi. Utotoni alipatwa na ndui, na macho yake yakadhoofika tangu siku zile. Alisoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 aliitwa kufundisha hesabu huko Graz. Mwaka 1600 alifukuzwa katika mji ule kwa kuwa hakukubali kuiacha imani ya Kilutheri. Akaenda Prague kwa Tycho Brahe, mpima nyota mashuhuri; naye Brahe alipokufa mwaka 1601, Kepler akaishika kazi yake.

Kazi hiyo ilikuwa kueleza mwendo wa sayari iitwayo Mirihi. Wataalamu wa kale walishika kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa duara kamili tu. Na kwa kuwa sayari hazikuifuata fikira hiyo, wakaongeza duara juu ya duara. Hata Copernicus, aliyefundisha katika kitabu chake cha mwaka 1543 ya kuwa dunia hulizunguka jua, hakuziacha duara hizo. Kepler naye alihesabu kwa duara muda mrefu, akakaribia sana. Ikabaki tofauti ya dakika 8 tu za pembe, kadiri ya robo ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angaliona si kitu. Lakini Kepler alijua ya kuwa vipimo vya Brahe vilikuwa sahihi kuliko hivyo, basi akaiacha hesabu yake, akaanza upya.

Mwisho akaona ya kuwa njia ya Mirihi ni duara iliyorefuka. Mtu akisimika vigingi viwili, akafunga kwavyo ncha mbili za kamba iliyolegea, kisha akaikaza kamba kwa kijiti na kuzunguka akichora, atapata mfano wake. Nalo jua lipo penye kigingi kimoja. Mstari huo mmoja uliziondoa duara zote zilizoongezwa. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1609.

Ndipo msiba ukaingia nyumbani. Mwaka 1615 mwanamke mmoja wa Leonberg alimshtaki Katharina, mama yake Kepler, ya kuwa alimnywesha kinywaji cha uchawi. Wengine wakaongeza mashtaka yao, na mwaka 1620 mama huyo, mwenye miaka 70 na zaidi, akatiwa gerezani kwa minyororo. Kepler akafunga safari kutoka Linz aje kumtetea. Hakubishana kama wachawi wako au hawako, bali alichunguza shtaka moja moja. Mwalimu aliyesema amelemazwa, alikuwa ameumia aliporuka mtaro. Msichana aliyeumwa mkono, alikuwa amebeba matofali. Na yule mshtaki wa kwanza alikuwa mgonjwa tangu zamani, tena alitumia dawa kali. Mwaka 1621 mama alionyeshwa vyombo vya mateso ili aungame, asikiri neno. Akafunguliwa baada ya miezi 14, akafa mwaka 1622.

Kepler mwenyewe alifariki Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, na kaburi lake likapotea katika vita.

Twaona basi ya kuwa kutafuta sababu iliyo nyepesi si uvivu. Kepler hakukata vipimo ili vilingane na fikira yake, wala hakuleta sababu ya siri palipo na sababu ya wazi. Hata katika nchi zetu wako wazee wanaoshtakiwa kama Katharina, mtoto wa jirani anapougua. Kabla ya kumtaja mtu, tuulize kwanza mtoto amekunywa maji gani, amekula nini, na homa ilianza lini. Kisha tumpeleke kwa mganga wa hospitali.