Cus D'Amato na somo lililosalia

Aghalabu meneja wa ndondi anapotajwa, tunamfikiria mtu anayenenepa kwa jasho na damu ya wengine. Constantine D'Amato, aliyejulikana zaidi kama Cus, hakuwa wa kundi hilo. Nionavyo mimi, alikuwa mwalimu kwanza, meneja baadaye.

Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1908. Katika ukumbi wake wa mazoezi wa Gramercy, Manhattan, aliwafunza vijana wa mitaa ya kimaskini. Somo lake kuu halikuhusu ngumi bali woga. Aliufananisha na moto: ukiutawala utakufaa, ukikutawala utakuteketeza. Alishikilia kwamba shujaa na mwoga huhisi hofu ile ile. Kinachowatenga ni matendo yao.

Floyd Patterson alifuzu somo hilo, akatwaa taji la dunia la uzani mzito mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 21. Hapo D'Amato alikabiliana na klabu ya James Norris, iliyohodhi mapigano makubwa ya Marekani, akakataa kumkabidhi bingwa wake. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliafiki kwamba ukiritimba huo ulivunja sheria. Mwaka 1965 mwanafunzi wake mwingine, José Torres, akawa bingwa. Hata hivyo, mali haikumkaa mwalimu. Mwaka 1971 alifilisika.

Mwaka 1980, huko Catskill, aliletewa Mike Tyson, mvulana wa miaka 13 kutoka shule ya kurekebisha tabia. Mama ya kijana alipofariki, mzee akawa mlezi wake kisheria. Lakini msaidizi wake, Teddy Atlas, alipodai nidhamu kali zaidi, D'Amato alimkinga mwanafunzi. Mwaka 1982 Atlas akaondoka.

D'Amato alifariki Novemba 4, 1985. Mwaka uliofuata, Tyson, akiwa na miaka 20, akawa bingwa mchanga zaidi wa uzani mzito katika historia. Mwaka 1992 alifungwa kwa kosa la ubakaji.

Simtwiki marehemu kosa la mtu mzima. Ila kila shule ina mfungaji mabao au kinara wa mtihani ambaye kanuni hupindwa kwa ajili yake. Samaki hukunjwa angali mbichi. D'Amato alilijua hilo kuliko wengi, lakini kipawa kilimlegeza mkono. Walimu wenzangu, tusimwonee haya mwanafunzi kwa sababu ya kipawa chake.