August Horch: Alinyimwa jina lake mwenyewe, akaibuka na Audi

MASHABIKI wa Bayern Munich wanazijua vizuri zile pete nne. Kampuni ya Audi ina hisa asilimia 8.33 ndani ya klabu hiyo, na kwa miaka mingi mastaa wake wamekuwa wakikabidhiwa magari mapya na kupigwa picha nayo kabla ya kurudi mazoezini. Pale Ingolstadt, yalipo makao makuu ya kampuni, timu ya mji inacheza kwenye uwanja unaoitwa Audi Sportpark.

Lakini ukimuuliza shabiki neno Audi limetoka wapi, wengi watakutolea macho. Siyo jina la mji, siyo la mto, wala siyo la mtoto wa tajiri. Ni jina lililozaliwa kwa sababu mzee mmoja alitimuliwa kwenye kampuni aliyoianzisha kwa mikono yake, kisha mahakama ikamzuia kutumia jina alilopewa na baba yake. Mzee huyo ni August Horch.

MTOTO WA MHUNZI

Horch alizaliwa Oktoba 12, 1868, katika kijiji cha Winningen, kando ya mto Mosel nchini Ujerumani. Ni kijiji cha wakulima wa zabibu, lakini baba yake alikuwa mhunzi. Kwa hiyo dogo alikulia kwenye moto na nyundo, akajifunza kazi ya chuma pale pale nyumbani.

Alipopevuka alifanya kama walivyofanya mafundi vijana wa enzi zile. Alifunga mzigo wake akaanza kutembea, mji hadi mji, akiomba kibarua na kujifunza kwa kila fundi aliyempokea. Safari hiyo ilimfikisha hadi nchi za Balkani. Aliporudi akajiunga na chuo cha ufundi cha Mittweida, kule Saxony, akatoka akiwa mhandisi.

Mwaka 1896 akapata namba kwenye kikosi kikubwa kuliko vyote wakati ule. Alikwenda Mannheim kufanya kazi kwa Karl Benz, yule aliyepata hataza ya gari la injini mwaka 1886. Huko Horch hakukaa benchi. Alipanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha kutengeneza magari.

Tatizo likawa moja. Benz aliridhika na gari alilokuwa nalo, halikuwa na sababu ya kubadilishwa kila mara. Horch alikuwa na mawazo mapya kila asubuhi. Akaona isiwe tabu, mwaka 1899 akaaga na kwenda kuanzisha chake.

TIMU YAKE MWENYEWE

Novemba 14, 1899 alifungua kampuni ya A. Horch & Cie. mjini Köln, kwa fedha za mfanyabiashara wa nguo aliyekubali kumwamini. Karakana ilikuwa jengo lililowahi kuwa zizi la farasi. Gari lake la kwanza lilikamilika mwaka 1901.

Wakati huo magari mengi yalizungusha magurudumu kwa mnyororo, kama baiskeli. Horch akaenda na shafti. Kwenye gia akatumia chuma kigumu zaidi ili meno yasilike haraka. Mambo haya leo yanaonekana ya kawaida, lakini wakati ule gari kuharibika njiani ilikuwa ndiyo desturi, na mtu aliyeuza gari lisiloharibika hovyo alikuwa na kitu mkononi.

Fedha zilimsumbua, akahama na karakana yake. Mwaka 1902 alikuwa Reichenbach, mwaka 1904 akatua Zwickau, mji wa viwanda katika jimbo la Saxony. Hapo kampuni ikageuzwa kuwa ya hisa. Wakaja wanahisa, ikaja bodi, wakaja mabosi. Watu wa mpira mnajua hadithi kama hii huwa inaelekea wapi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwaka 1906 gari la Horch likiendeshwa na Rudolf Stöss lilishinda mashindano makubwa ya Herkomer, na jina likavuma nchi nzima. Lakini Horch alitaka kushindana zaidi na kujaribu injini kubwa zaidi. Gari lake la silinda sita halikufanya vizuri, fedha zikapotea, na bodi ikaanza kunung'unika. Mwaka 1909 kibarua kikaota nyasi. Mwanzilishi akatoka mlangoni, jina lake likabaki ukutani.

MAHAKAMA YASEMA HAPANA

Horch alikuwa na miaka 40. Hakurudi kijijini kulima zabibu. Julai 16, 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka, alifungua kampuni nyingine mji ule ule wa Zwickau, akaipa jina lake lile lile. Sasa Zwickau ikawa na Horch mbili.

Mabosi wa zamani wakakimbilia mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba Horch ni alama ya biashara ya kampuni yao, na mtu yeyote mwingine akiitumia anawapotosha wateja. Mahakama ikawapa ushindi. Tafakari kidogo hapo. Jina alilozaliwa nalo, jina la baba yake mhunzi, halikuwa lake tena kwenye biashara ya magari. Aliruhusiwa kuitwa August Horch popote apendapo, ila siyo kwenye pua ya gari.

Ikabidi watafute jina jipya, tena haraka. Wakakutana nyumbani kwa rafiki na mshirika wake, Franz Fikentscher. Watu wazima wakakuna vichwa, kila jina likapigwa chini. Pembeni ya chumba alikuwepo mtoto wa mwenye nyumba, Heinrich, mwanafunzi wa shule, akipitia masomo yake ya Kilatini. Horch mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba ni huyo dogo aliyewatoa jasho wazee.

Iko hivi. Kwa Kijerumani, horch maana yake ni sikiliza, ile ya kumwamuru mtu atege sikio. Dogo akauliza kwa nini wasiliweke neno hilo kwa Kilatini. Sikiliza kwa Kilatini ni audi. Basi mchezo ukaishia hapo. Aprili 25, 1910 kampuni ikaandikishwa kwa jina la Audi. Horch akawa amerudi na jina lake lile lile, isipokuwa limevaa jezi nyingine, na hakuna mwanasheria aliyeweza kumgusa.

AWAJIBU UWANJANI

Jina zuri halishindi mechi. Horch alilijua hilo, kwa hiyo akaenda kutafuta mashindano magumu kuliko yote, yale ya milima ya Alpi nchini Austria. Yalikuwa mbio za siku kadhaa kwenye barabara mbovu, zenye miinuko ya kuua injini na miteremko ya kuua breki. Gari likisimama njiani unakatwa pointi.

Mwaka 1911 Horch alishika usukani mwenyewe, akamaliza bila kukatwa pointi hata moja. Kisha mwaka 1912, 1913 na 1914 Audi ikashinda huko mara tatu mfululizo. Gari la aina ya C lililofanya kazi hiyo likapewa jina la utani lenye maana ya mshindi wa Alpi. Kwa wale waliomtoa mlangoni, hilo lilikuwa jibu tosha.

Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga kila kitu. Baada ya vita, mwaka 1920, Horch aliachia uongozi wa kila siku na kuhamia Berlin, akawa mshauri na mtaalamu wa mambo ya magari. Mwaka 1922 chuo kikuu cha ufundi cha Braunschweig kikampa udaktari wa heshima. Mtoto wa mhunzi akawa daktari.

Huku nyuma, kampuni zake mbili ziliendelea kushindana katika mji mmoja. Kisha uchumi wa dunia ukaporomoka, viwanda vikaelekea kufa. Juni 1932, kwa msukumo wa benki ya serikali ya Saxony, kampuni nne ziliunganishwa kuwa Auto Union. Zilikuwa Audi, DKW, Horch na idara ya magari ya Wanderer. Kila moja ikapewa pete yake. Ndizo pete nne unazoziona leo. Mbili kati ya hizo zimetoka mikononi mwa mtu mmoja: kampuni iliyomfukuza na kampuni aliyoianzisha baada ya kufukuzwa, zimeshikana pamoja. Horch naye akaitwa kwenye bodi ya usimamizi. Karibu miaka 23 baada ya kutolewa, mzee akaingia tena kwa mlango wa mbele.

DOA LISILOFUTIKA

Miaka ya 1930 ilikuwa ya sifa kwa Auto Union. Magari yake ya mashindano, yaliyosanifiwa na Ferdinand Porsche, yenye silinda 16 na injini nyuma ya dereva, yalitengenezwa kwenye kiwanda cha Horch pale Zwickau. Bernd Rosemeyer aliyatumia kutwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1936, kabla ya kufariki Januari 1938 akijaribu kuvunja rekodi ya mwendo barabarani.

Ila sifa hizo zilibebwa na serikali ya Hitler, iliyomwaga fedha kwenye mbio ili kujitangaza. Na vita ilipokuja, Auto Union ikatengeneza zana za kijeshi kwa kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo maelfu ya wafungwa wa kambi za mateso. Wapo waliofia humo. Horch hakuwa bosi wa kila siku, lakini alikuwa kwenye bodi ya kampuni hiyo, na maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa kuruka ukurasa huo. Audi yenyewe ilikuja kukubali uchunguzi wa wanahistoria na kuikiri historia hiyo hadharani.

Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti likaichukua Saxony. Mitambo ikang'olewa na kusafirishwa, viwanda vikawa mali ya umma. Horch, akiwa na miaka zaidi ya 70, akaishia Münchberg, mji mdogo wa Bavaria upande wa magharibi.

JINA LABEBA UBINGWA

Sasa hapa ndipo mtu wa mpira anatakiwa akae sawa. Kule Zwickau, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na timu. Iliitwa ZSG Horch Zwickau. Msimu wa 1949/50, ligi kuu ya kwanza ya Ujerumani Mashariki, timu hiyo ilifika mechi ya mwisho ikiwa na pointi sawa na SG Friedrichstadt ya Dresden, ambayo kocha wake mchezaji alikuwa Helmut Schön.

Aprili 16, 1950 wakakutana Dresden. Wenyeji walitangulia kufunga mapema kabisa. Baada ya hapo Horch wakacheza mpira wa nguvu uliopitiliza, wachezaji wa Dresden wakaumia, timu ikamaliza ikiwa pungufu, na ubao ukasomeka 5-1. Mashabiki wakavamia uwanja kwa hasira, wakiamini mwamuzi alikuwa na timu yake. Wakubwa wa serikali hawakuipenda Friedrichstadt, ikavunjwa. Schön na wenzake kadhaa wakahamia magharibi, na mwaka 1974 akaipa Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia.

Katika fainali hizo hizo alichapwa 1-0 na Ujerumani Mashariki pale Hamburg. Kipa aliyemzuia alikuwa Jürgen Croy. Anatoka wapi? Zwickau, klabu ile ile, wakati huo ikiitwa Sachsenring, jina la kiwanda kilichokuwa kikitengeneza Trabant mjini humo. Msimu wa 1975/76 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Washindi Ulaya. Iliwatoa Fiorentina kwa penalti, Croy akiokoa na kufunga ya mwisho mwenyewe, kisha ikawatoa Celtic, kabla ya kusimamishwa na Anderlecht.

Horch hakuyaona hayo ya Croy. Lakini Aprili 1950 alikuwa hai, miaka 81, upande wa pili wa mpaka. Jina ambalo mahakama ilimzuia kuliweka kwenye gari lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya mabingwa wa soka. Mwaka huo huo likafutwa, klabu ikaitwa Motor Zwickau.

Alifariki Februari 3, 1951, akazikwa Winningen, kijijini kwao. Wakati huo hata Audi ilikuwa imelala, hakuna gari jipya lililobeba jina hilo. Lilifufuliwa mwaka 1965 huko Ingolstadt, Volkswagen ilipoingia. Tangu hapo limeshinda Le Mans mara 13, limechafuka kwenye kashfa ya moshi wa dizeli iliyolipuka mwaka 2015, na bado linauza.

Magari ya Horch hayatengenezwi tena Ujerumani, yamebaki kwenye makumbusho yenye jina lake pale Zwickau. Waliopigana naye mahakamani walishinda kesi, na jina walilolipigania likafia mikononi mwao. Lile alilookoteza sebuleni kwa rafiki yake ndilo linalong'aa Allianz Arena kila wiki.