Tippu Tip na Njia ya Ugogo

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar yapata mwaka 1837, na huko huko akafariki mwezi wa Juni 1905. Katika uhai wake alifanya biashara bara hadi Maniema na mto Kongo, na mwaka 1887 akawekwa liwali wa Stanley Falls na Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Visiwani anakumbukwa kwa utajiri wake. Sisi twataka ikumbukwe pia njia iliyouleta utajiri huo. Misafara ya Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Makali, ikalipa hongo kwa watemi wa Ugogo, ndipo ikashika njia ya Tabora. Iliporudi pwani, pembe za ndovu zilikuwa mabegani mwa watu. Baadhi yao walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira. Wengine walikuwa mateka, wasio na ujira wala hiari.

Hata hivyo, si haki kumtwika mtu mmoja dhuluma ya mfumo mzima. Mali ya kuanzia safari alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Unguja. Pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani, zikafanywa vibao vya piano. Na Leopold, aliyejitangaza adui wa utumwa, ndiye aliyempa uliwali. Mkopeshaji, msafirishaji, mnunuzi na mtawala, wote walikula sahani moja.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa iliondolewa nguvu za kisheria visiwani mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Lakini wangali wapo wasichana wanaotolewa vijijini Dodoma na Singida kwa ahadi ya shule au kazi njema, wakaishia kutumikishwa majumbani mijini bila mshahara. Wengine hupelekwa nchi za Ghuba na kunyang'anywa pasi zao. Dalali wa leo hahitaji bunduki. Nauli na maneno matamu vyamtosha.

Kwa hiyo twawataka watendaji wa vijiji wajue kila mtoto anayeondoka, anakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Maofisa wa kazi nao wadai mikataba ya watumishi wa nyumbani, hata kwa wakubwa wenzao. Na sisi tunaoajiri, bara na visiwani, tumwulize mtumishi wetu amefikaje mlangoni petu, na tumlipe haki yake kamili. Asiyeuliza ni mshirika wa dalali.