Blaise Pascal: siri iliyoshonwa ndani ya koti

Siku chache baada ya Blaise Pascal kufariki mjini Paris, tarehe 19 mwezi wa nane mwaka 1662, mtumishi aliyekuwa akipanga nguo za marehemu alihisi kitu kigumu ndani ya koti. Alifumua bitana. Akakuta kipande cha ngozi ya kuandikia kilichokunjwa, na ndani yake karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Pascal mwenyewe.

Wanafunzi wa sekondari hapa Kongo wanalijua jina lake kwenye somo la fizikia, kama kipimo cha presha. Alizaliwa Clermont, Ufaransa, mwaka 1623, akafiwa na mama akiwa mtoto mdogo. Hakuwa ametimiza miaka 20 alipoanza kuunda mashine ya kuhesabu, ili kumpunguzia baba yake, afisa wa kodi, kazi ya usiku na mchana. Mwaka 1648 alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme na mirija ya zebaki. Huko juu zebaki ilishuka, ikaonekana kwamba hewa ina uzito. Ndivyo alivyokuwa: bila kupima, haamini.

Karatasi ile inaonyesha mtu mwingine. Ina tarehe ya 23 mwezi wa kumi na moja 1654, na hata saa: tangu kama saa nne na nusu usiku hadi saa sita na nusu. Kwa maneno ya kukatika-katika, inasimulia jinsi alivyohisi Mungu yuko karibu, akalia kwa furaha. Saa alizipima, mengine hayakupimika.

Karibu miaka 8 aliibeba kifuani. Familia ilielewa kwamba kila alipobadilisha koti, aliifumua na kuishona upya. Kwa mtu aliyebishana hadharani na wakubwa wa Kanisa, ukimya huo unashangaza.

Haikuwa siri pekee. Dada yake Gilberte aliandika kwamba Pascal alivaa mkanda wa chuma wenye miiba chini ya nguo. Wageni walipomsifu, naye akahisi majivuno, aliukandamiza kwa kiwiko. Ndugu walilijua hilo baada ya kifo chake.

Karatasi inahifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Ile ngozi ilipotea. Imebaki nakala iliyoandikwa na mpwa wake.